Paul Robeson: Mwigizaji aliyenyang'anywa pasipoti

Kila tunapopiga wimbo wake hewani ujumbe unaingia: huyu mzee mwenye sauti nzito hivi ni nani? Wengine mnadhani ni mwanakwaya wa zamani. Wengine mnadhani ni mhubiri. Katikati ya salamu na matangazo ya vifo hatupati nafasi ya kumweleza vizuri, kwa hiyo nimeona nimwandike hapa, mumsome taratibu kwenye simu zenu.

Anaitwa Paul Robeson. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na pia mwimbaji. Alizaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1976. Katikati ya miaka ya 1940 palikuwa na Wamarekani weusi wachache sana waliojulikana duniani kumshinda. Haikupita miaka kumi, serikali yake ikawa imemzuia kutoka nje ya nchi, redio hazimpigi, na majumba ya maonyesho hayamtaki.

Sisi watu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kumjua. Lugha yetu aliisoma darasani, London, zaidi ya miaka tisini iliyopita. Na mojawapo ya mambo yaliyomponza, kwa maelezo ya wanasheria wa serikali yenyewe mahakamani, ni kwamba aliupigania mno uhuru wa Waafrika.

Mtoto wa mchungaji

Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alitoroka mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka 15. Angalieni jambo hilo vizuri: tunayemzungumzia hapa ni mwigizaji wa filamu, mtu ambaye sauti yake iko kwenye santuri, na baba yake mzazi aliwahi kuwa mali ya mtu. Utumwa ulikuwa umbali wa kizazi kimoja tu.

Yule kijana aliyetoroka alisoma, akawa mchungaji katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, na hapo ndipo Paul alipozaliwa tarehe 9 Aprili 1898, kitinda mimba wa familia. Mambo hayakuwa mepesi. Baba aliondolewa kwenye kanisa lake Paul akiwa mdogo sana, akaanza kubeba majivu kwa mkokoteni ili watoto wale. Mwaka 1904 mama yake, Maria Louisa, alikufa baada ya nguo zake kushika moto jikoni. Paul alikuwa na miaka mitano.

Kwa hiyo alilelewa na baba. Mzee alikuwa na sauti kubwa ya mimbarini na alitaka mtoto atamke kila neno sawasawa. Jioni Paul alisimama nyumbani akakariri hotuba na mashairi mbele ya baba, akikosea anarudia. Walimu wa uigizaji alikuja kuwapata baadaye, lakini mwalimu wake wa kwanza wa sauti ndiye huyo.

Mwaka 1915 alishinda nafasi ya kusomeshwa bure katika Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi wa tatu mweusi tangu chuo hicho kianzishwe. Alijiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana vifua. Siku za kwanza za mazoezi wachezaji wenzake wazungu walimvunja pua na kumkanyaga mkono kwa viatu vyenye meno hadi kucha zikang'oka. Alirudi uwanjani. Mwaka 1917 na tena 1918 akatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, na mwaka 1919 akahitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wanafunzi wenzake.

Baada ya hapo akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akicheza mpira wa kulipwa ili apate ada. Huko New York alimwoa Eslanda Goode mwaka 1921. Mama huyu alikuwa msomi wa kemia anayefanya kazi kwenye maabara ya hospitali, na tangu mwanzo alikuwa na macho makali kuliko mumewe kuhusu kipaji alichokuwa nacho. Paul alikuwa akiigiza michezo midogo kwa kujifurahisha. Eslanda ndiye aliyesema hii ni kazi.

Uanasheria wenyewe haukudumu. Alipata nafasi katika ofisi ya mawakili, lakini katibu muhtasi mzungu alikataa kuandika barua anazosomewa na mtu mweusi. Robeson alichukua kofia yake akaondoka.

Jukwaani

Mwaka 1924 kikundi kidogo cha maigizo mjini New York kilimpa sehemu kuu katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill. Moja ilimhusu mwanamume mweusi aliyemwoa mwanamke mzungu, na katika mchezo mwanamke huyo anambusu mkono. Basi! Magazeti yaliwaka moto kabla hata ya onyesho la kwanza. Barua za vitisho zilikuja. Ofisi ya meya ilikataa kutoa kibali kwa watoto waliopaswa kuigiza sehemu ya ufunguzi, hivyo usiku wa kwanza mwongozaji alisimama jukwaani akaisoma sehemu hiyo kwa mdomo, kama sisi tunavyosoma taarifa ya habari, kisha mchezo ukaendelea. Hakuna ghasia iliyotokea. Watu walitoka wakimzungumzia yule kijana mrefu mwenye sauti inayotikisa viti.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo leo linaonekana la kawaida. Yeye na mpiga piano Lawrence Brown walitoa onyesho zima la nyimbo za Wamarekani weusi peke yake, zile nyimbo za kiroho zilizotoka mashambani kwa watumwa. Hawakuzichanganya na nyimbo za Ulaya ili zionekane za heshima. Nyimbo alizoimba kanisani kwa baba yake zilisimama zenyewe mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hao wawili waliendelea kufanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1925. Ilitengenezwa na Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyetengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi, na ilikuwa filamu isiyo na sauti. Mtu mwenye sauti ile kuanza na filamu ya bubu! Humo aliigiza watu wawili, mhubiri mwovu na ndugu yake mwema.

Baadaye alihamia London na familia yake. Mwaka 1928 aliimba katika igizo la Show Boat, na wimbo wa mfanyakazi wa bandarini anayeutazama mto ukipita ukawa wake milele. Wengi wenu ndio mnaouomba. Kadiri miaka ilivyokwenda aliyabadilisha maneno yake, mtu aliyechoka na maisha akawa mtu anayeendelea kupambana, na mtunzi wa maneno ya awali hakufurahi hata kidogo.

Tarehe 19 Mei 1930 aliigiza Othello katika ukumbi wa Savoy, London. Kwa asiyejua, hii ni tamthilia ya Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Othello ni jemadari mweusi katika nchi ya wazungu. Anaheshimiwa vitani, anampenda na kumwoa binti mzungu, kisha fitina ya mtu mmoja inamwangamiza. Kwa muda mrefu sehemu hiyo ilikuwa ikichezwa na wazungu waliojipaka rangi. Mtu mweusi aliyewahi kuifanya kwa umaarufu Uingereza ni Ira Aldridge, karne ya 19, na binti ya Aldridge, Amanda, alikuwa bado hai London. Yeye ndiye aliyemsaidia Robeson kunoa matamshi.

Usiku ule watu walipiga makofi pazia likafunguliwa tena na tena. Lakini miezi michache tu kabla, mwaka 1929, Robeson alikataliwa kuhudumiwa katika mgahawa wa hoteli ya Savoy kwa sababu ya rangi yake, na hoteli hiyo imepakana na ukumbi uleule. Yaani jukwaani wanakushangilia, mlango wa pili hawakupi sahani.

Kiswahili, na filamu iliyomuumiza

Mwaka 1934 aliingia darasani London, katika chuo kinachojulikana leo kama SOAS, kujifunza fonetiki na lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Alikuwa tayari tajiri na maarufu, hakuhitaji cheti. Alichokuwa akitafuta ni ile sehemu ya historia yake iliyokatwa na utumwa. Alisikiliza lafudhi na mapigo ya lugha hizi akaona yanafanana na nyimbo alizolelewa nazo. Alikuwa na sikio la ajabu. Katika maisha yake alijifunza lugha nyingi, na ziara zake alizijaza nyimbo za Kirusi, Kihispania, Kichina na nyinginezo, akiziimba kwa lugha zenyewe.

London ya wakati ule ilikuwa na vijana wa Kiafrika waliokuja kusoma au kudai haki za nchi zao. Robeson alikuwa akikaa nao na kubishana nao. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa amekuja kuwasilisha madai ya ardhi ya Wakikuyu.

Ndipo ikaja filamu ya Sanders of the River. Mwongozaji Zoltan Korda alikuwa amekwenda Afrika na kurudi na picha halisi za ngoma na maisha ya vijijini. Robeson alipoziona alivutika. Alidhani hatimaye dunia itaona utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Akakubali kuigiza chifu Bosambo. Kijiji kilijengwa studio, nje ya London, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakaajiriwa kujaza kijiji hicho, mabaharia na wanafunzi. Kenyatta naye alikuwemo, mwigizaji wa ziada kwa malipo ya siku. Ndiyo, rais wa kwanza wa Kenya anaonekana katika filamu ya wakoloni. Njaa ya ughaibuni ina mambo.

Filamu ilipotoka mwaka 1935 ilikuwa kitu kingine. Sehemu zilikuwa zimeongezwa na kupangwa upya, na hadithi yote ikawa sifa kwa afisa mkoloni wa Kiingereza anayewatuliza Waafrika kama baba anavyotuliza watoto. Bosambo wa Robeson ni chifu mzuri kwa sababu moja tu, anamtii mzungu. Marcus Garvey, kiongozi mkubwa wa watu weusi aliyekuwa akiishi London, alimshambulia Robeson waziwazi kwamba anauza heshima ya watu wake.

Filamu ilileta pesa na ilimpa sifa. Yeye aliikana. Kwa maoni yangu hapa ndipo maisha yake yalipogeuka, kuliko hata siku ya Othello. Mtu aliyeamini kwamba kipaji kikubwa kinatosha kuwafanya watu wamheshimu aliona kipaji chake kimetumika kufunika dhuluma. Mkataba wa filamu ya Song of Freedom mwaka 1936 ulimpa haki ya kukubali au kukataa filamu ilivyokamilika. Humo anaigiza mfanyakazi wa bandari ya London anayekuja kugundua kwamba asili yake ni ukoo wa kifalme wa Afrika. Mwaka huohuo mkewe Eslanda, aliyekuwa sasa anasomea elimu ya jamii za watu, alisafiri Afrika Kusini hadi Uganda na mtoto wao wa kiume, akaandika kitabu juu ya safari hiyo.

Filamu ambayo Robeson mwenyewe aliipenda kuliko nyingine ni The Proud Valley. Ilipigwa mwaka 1939 na inahusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales. Yeye ni baharia mweusi anayepata kazi mgodini na kuingia katika kwaya ya wachimbaji. Haikuwa hadithi ya kubuni tupu. Wachimbaji wa Wales alikuwa amewajua kwa miaka kumi, tangu alipokutana na kundi lao London wakiwa wametembea kwa miguu kutoka kwao kudai kazi. Mwaka 1934, mlipuko wa mgodi wa Gresford ulipoua watu 266, alitoa malipo ya onyesho lake kwa familia zao. Na jambo hili litawafurahisha wapenzi wa redio: mwezi Februari 1940 filamu hiyo ilizinduliwa kwanza hewani na BBC, kwa sauti, kabla ya kuonyeshwa sinema. Watu waliisikia filamu kabla ya kuiona.

Kileleni

Vita vikubwa vilipoanza alirudi Marekani. Novemba 1939 aliimba katika redio ya CBS wimbo mrefu uliosifu Marekani ya watu wa kila kabila, na nchi nzima ikamsikia. Filamu hakuendelea nazo. Baada ya moja ya mwaka 1942 iliyowaonyesha weusi kama wakulima wajinga, alitangaza kwamba hataigiza tena Hollywood kwa masharti hayo, na hakurudi.

Tarehe 19 Oktoba 1943 alisimama Broadway, New York, kama Othello. Lilikuwa jambo ambalo wengi walisema haliwezekani Marekani, mtu mweusi akimkumbatia mwanamke mzungu jukwaani huku wengine wote ni wazungu. Uta Hagen alikuwa mke, José Ferrer ndiye mfitini. Mchezo ulifanyika mara 296 mfululizo, na hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imefikia idadi hiyo Broadway. Kisha wakaizungusha nchini, na popote walipotaka kuwatenga watazamaji kwa rangi Robeson alikataa kupanda jukwaani.

Alikuwa pia mwenyekiti wa Baraza la Mambo ya Afrika, chama kilichofanya kampeni Marekani dhidi ya ukoloni na kukusanya msaada wa chakula wakati wa njaa Afrika Kusini. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe kwenda kwa Rais Truman kudai hatua dhidi ya makundi yaliyokuwa yakiwaua weusi kwa kuwanyonga bila mahakama. Mazungumzo yaliisha vibaya. Robeson alimwambia rais kwamba serikali isipowalinda watu weusi, watajilinda wenyewe. Shirika la upelelezi la FBI lilikuwa limeshaanza kumfuatilia tangu 1941.

Kosa lake, na makosa yake

Hapa inabidi tuseme pande zote. Robeson alikwenda Urusi ya Kisovieti kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1934 na akapokelewa kama mtu, bila kuulizwa rangi. Hakuisahau siku hiyo maisha yake yote. Aliipenda nchi hiyo, na mapenzi hayo yalimziba mdomo pale alipopaswa kusema. Mwaka 1949 alikuwa Moscow wakati wasanii na waandishi Wayahudi wanakamatwa. Alionana na rafiki yake, mshairi Itzik Feffer, aliyetolewa mahabusu ili aonyeshwe kwamba yu mzima. Robeson aliimba Moscow wimbo wa wapiganaji Wayahudi na kuwataja marafiki zake mbele ya watu, kitendo cha ujasiri. Lakini aliporudi Marekani aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuona mateso yoyote. Feffer aliuawa mwaka 1952. Robeson alipokea tuzo yenye jina la Stalin, na Stalin alipokufa akamwandikia sifa. Wanaompenda hupita haraka hapo. Mimi naona ni sehemu ya maisha yake.

Kilichomwangusha lakini hakikuwa hicho hasa. Aprili 1949, kwenye mkutano wa amani Paris, alizungumza juu ya watu weusi na vita. Shirika la habari lilisambaza maneno makali kuliko aliyoyasema, kana kwamba ametangaza kuwa weusi wa Marekani hawataipigania nchi yao. Ukikata maneno ya mtu vibaya ukayarusha hewani, kuyarudisha hakuna, na sisi watangazaji tunalijua hilo. Nchi nzima ilimgeuka, wakiwemo viongozi weusi. Jackie Robinson, mchezaji besiboli mashuhuri, aliitwa mbele ya kamati ya bunge kumpinga.

Agosti mwaka huo alipangiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, New York. Umati ulishambulia watu kabla hajafika na onyesho likavunjika. Tarehe 4 Septemba akarudi, akaimba mbele ya watu wapatao 20,000, wanachama wa vyama vya wafanyakazi wakimzunguka kwa miili yao. Wakati wa kuondoka magari na mabasi yalipigwa mawe njia nzima, na zaidi ya watu 140 waliumia. Maonyesho yake zaidi ya 80 yalifutwa. Santuri zake zikatoweka madukani, televisheni ya NBC ikamzuia asionekane.

Mwaka 1950 serikali ilichukua pasipoti yake. Kwa msanii ambaye bado anapendwa Ulaya, Asia na Afrika, hiyo ilikuwa kumkata koo bila damu. Inakadiriwa kwamba mapato yake yalishuka kutoka zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka hadi kama 6,000. Wanasheria wa serikali walieleza mahakamani, miongoni mwa sababu zao, kwamba kwa miaka mingi amekuwa akishughulika sana na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kenyatta alikamatwa nyumbani Kenya Oktoba 1952. Marafiki wawili wa London, kila mmoja amefungiwa upande wake wa dunia.

Aliambiwa mara kadhaa kwamba akitia saini karatasi ya kusema yeye si Mkomunisti pasipoti itarudi. Alikataa. Aliona mwananchi hadaiwi kiapo ili asafiri. Juni 1956 kamati ya bunge ilimwita ijibiwe swali hilohilo, akawajibu kwa hasira kwamba wanaoidhalilisha Marekani ni wao, na kwamba baba yake alikuwa mtumwa na watu wake walikufa wakiijenga nchi hiyo.

Kuimba kwa simu

Sehemu hii nimeiweka mwisho mwisho kwa kuwa ndiyo ninayoipenda. Mtu amezuiwa kusafiri. Je, sauti nayo inahitaji pasipoti?

Januari 1952 alialikwa na chama cha wachimba madini Kanada. Raia wa Marekani hakuhitaji pasipoti kuingia Kanada, lakini maafisa walimsimamisha mpakani. Akaimba kwa simu, wajumbe wakamsikiliza Vancouver. Mei mwaka huo wachimba madini wakaandaa jambo kubwa zaidi. Walileta lori mpakani kwenyewe, likasimama upande wa Marekani, Robeson akapanda juu yake akaimba, na maelfu ya watu wakamsikiliza kutoka upande wa Kanada, wamesimama kwenye nyasi. Walirudia miaka iliyofuata.

Waya mpya wa simu ulikuwa umetandazwa chini ya bahari ya Atlantiki mwaka 1956. Tarehe 26 Mei 1957 watu kama 1,000 walikusanyika katika ukumbi wa St Pancras, London. Jukwaani hakukuwa na mwimbaji. Robeson alikuwa studio New York, na sauti yake ilipita chini ya maji ikatokea kwenye spika. Oktoba ikawa zamu ya Wales. Wachimbaji wa makaa walikuwa na tamasha lao la kila mwaka mjini Porthcawl, watu wapatao 5,000 ukumbini. Yeye akawaimbia kutoka New York, kisha kwaya ya wanaume ya Treorchy ikamwimbia yeye, na ukumbi wote ukaingia. Ilirekodiwa. Sauti ina ukungu wa laini ya simu, unasikia kabisa umbali ulivyo.

Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima mwananchi pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Baada ya miaka minane Robeson alikuwa huru kuondoka. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha maisha yake, na humo anawakumbuka vijana wale wa Kiafrika wa London.

Alikuwa na miaka 60 na mwili umechoka. Mwaka 1959 aliigiza Othello tena, Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare. Mwaka 1960 alikwenda Australia, na kule Sydney aliwaimbia mafundi waliokuwa wakijenga jumba jipya la maonyesho, wakiwa wamepanda juu ya vyuma kumsikiliza wakati wa chakula. Mwaka uliofuata afya ya akili ilivunjika. Machi 1961, Moscow, alijaribu kujiua. Alilazwa kwa muda mrefu London, akatibiwa kwa mishtuko ya umeme mara nyingi, halafu akapelekwa Ujerumani Mashariki, na mwishoni mwa 1963 akarudi Marekani. Hakuimba tena kama zamani. Eslanda alifariki mwaka 1965, naye akaenda kuishi kwa dada yake Marian mjini Philadelphia, hapokei wageni, hasemi na magazeti.

Alifariki tarehe 23 Januari 1976. Mazishi yalifanyika Harlem, katika kanisa ambalo kaka yake Ben aliwahi kulichunga, na maelfu walisimama nje kwenye mvua.

Mnakumbuka ile orodha ya wachezaji bora wa mpira wa 1918? Miaka ya hasira ilipofika, kitabu cha kumbukumbu za mchezo kilichotoka mwaka 1950 kiliichapisha timu hiyo bila jina lake. Timu ina watu 11, wao wakaandika 10, nafasi ya mmoja wakaiacha. Robeson aliingizwa rasmi katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka 1995.